Modeli ya Hisabati au Ujifunzaji wa Mashine: Namna ya Kuchagua kwa Tatizo Ulilo Nalo

Hapa Dar es Salaam, katika ofisi za Posta na Kijitonyama, na hata katika maduka ya jumla ya Kariakoo, swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi siku hizi ni hili: "Hapa tunaweza kutumia akili mnemba?" Anayeuliza huwa amekwisha kuchagua chombo kabla hajaeleza tatizo, sawa na mvuvi anayenunua nyavu kabla hajajua kama anakwenda kuvua dagaa au papa. Kwa kuwa fedha za watu zinatumika, na wakati mwingine afya zao zinahusika, ni vyema njia mbili zilizopo ziwekwe pamoja na kupimwa kwa matatizo halisi.

Njia ya kwanza ni modeli ya hisabati. Mtu anayelijua tatizo anaandika kanuni ya jinsi mambo yanavyokwenda, anaingiza tarakimu chache alizopima, kisha anakokotoa. Njia ya pili ni ujifunzaji wa mashine, ambao ndio mara nyingi hukusudiwa watu wanapotaja akili mnemba. Hapa mtu haandiki kanuni, bali anaipa kompyuta mifano mingi yenye majibu yake, na kompyuta inarekebisha tarakimu zake za ndani mpaka majibu yake yakaribiane na yale iliyopewa. Njia hizi ni ndugu. Kanuni ya kupunguza jumla ya miraba ya makosa, ambayo Mfaransa Legendre aliichapisha mwaka 1805 akishughulikia mizingo ya vimondo vyenye mkia, bado inafanya kazi ndani ya mashine nyingi za leo. Tofauti iliyo muhimu kwa anayechagua ni moja: katika njia ya kwanza maarifa yanatoka kwa mtu anayejua sababu, na katika njia ya pili yanatoka kwenye kumbukumbu za yaliyokwisha kutokea.

Foleni ya dirisha la dawa

Nianze na foleni, kwa sababu ndilo tatizo ambalo watu wa jiji hili huniletea wakidhani linahitaji akili mnemba, ilhali mara nyingi linakwisha kwa karatasi na kikokotoo. Mwaka 1909 mwanahisabati wa Denmark, Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kazi yake ya kwanza kuhusu simu zinazopigwa bila mpangilio, na kutokana na kazi yake ikajengwa hisabati ya foleni inayotumika mpaka leo.

Chukua dirisha la dawa katika kituo cha afya. Mhudumu anamaliza wagonjwa 12 kwa saa, yaani wastani wa dakika 5 kwa kila mmoja, na wagonjwa wanafika 10 kwa saa bila mpangilio maalumu. Mkuu wa kituo akitazama tarakimu hizo ataona kwamba uwezo unazidi mahitaji, na kwamba hakuna la kufanya. Kanuni inasema vingine. Muda ambao mgonjwa anautumia pale kwa wastani ni saa 1 ikigawanywa kwa tofauti ya kasi mbili hizo, yaani 12 toa 10, na jibu lake ni nusu saa. Wagonjwa wakiongezeka wakawa 11 kwa saa, mtu mmoja tu zaidi, muda huo unakuwa saa nzima, na dakika 55 kati yake ni za kusubiri. Likifunguliwa dirisha la pili lenye mhudumu wa kasi ileile, na foleni ikabaki moja inayolisha madirisha yote mawili, wastani wa kusubiri unashuka hadi chini ya dakika moja na nusu. Nimewahi kumwonyesha hesabu hii msimamizi mmoja wa zahanati, akainyamazia kwa muda, kisha akaniomba niirudie polepole, kwa sababu alikuwa amezoea kudhani kwamba kuongeza mhudumu mmoja kunapunguza kusubiri kwa nusu tu.

Sasa tuipe kazi hiyohiyo mashine inayojifunza. Ikipewa kumbukumbu za mwaka mzima za saa ya kufika na saa ya kuondoka ya kila mgonjwa, inaweza kutabiri vizuri kwamba Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi watu watasubiri sana. Hata hivyo, swali la msimamizi halikuwa hilo. Alitaka kujua kitakachotokea akifungua dirisha la pili, na katika kumbukumbu zake hapakuwa na siku hata moja ambayo dirisha la pili lilifunguliwa. Mashine haiwezi kujifunza kutokana na mfano usiokuwapo. Kwa hiyo kigezo cha kwanza ninachokitumia ni kuuliza kama mtu anataka kujua litakalotokea mambo yakiendelea yalivyo, au anataka kujua litakalotokea yeye akibadilisha jambo. La pili likiwa ndilo, modeli ya hisabati ina haki ya kutangulia, na anayeikataa anapaswa kuwa na sababu.

Lazima niseme pia udhaifu wake, na si mdogo. Kanuni niliyoitumia inadhani kwamba watu wanafika kwa kasi moja muda wote. Katika vituo vingi watu hudamka alfajiri ili wawahi namba, hivyo saa kumi na mbili na nusu benchi zimejaa, na saa nane mchana mhudumu amekaa bila kazi. Wastani wa 10 kwa saa hapo hauna maana yoyote. Anayetaka ukweli aweke mtu mlangoni kwa siku tano, ahesabu wanaofika kila baada ya dakika 15, kisha aiigize siku nzima kwenye kompyuta kwa kasi inayobadilika. Jambo ninalolipenda katika modeli ya hisabati ni kwamba dhana zake zimeandikwa wazi, hivyo anayeijua kazi anaweza kuzipinga moja baada ya nyingine. Watanzania tuna mfano wetu wa jambo hili. Erasto Mpemba, mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliokuwa wa moto ukiganda kabla ya ule uliokuwa umepoa, akaambiwa kwamba haiwezekani. Alipokuja kumuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, jaribio likarudiwa, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mjadala juu ya sababu zake bado haujafungwa. Kanuni rahisi ya kupoa hujali joto peke yake, ilhali katika chombo halisi kuna mvuke unaoondoka, maji yanayozunguka na barafu iliyo chini ya chombo.

Jani la muhogo

Kuna matatizo ambayo kanuni haiandikiki, na hapo ndipo ujifunzaji wa mashine unapostahili fedha zake. Ugonjwa wa michirizi kahawia wa muhogo ulielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya mwaka 1936, kutokana na kazi iliyofanyika Amani, katika milima ya Usambara. Ofisa ugani mwenye uzoefu akisimama shambani Kibaha au Mkuranga anautambua mara moja, na anautofautisha na batobato na madoa ya utitiri. Mwambie sasa aandike kanuni. Ataanza kwa kusema kwamba umanjano unafuata mishipa ya jani, na kwamba majani ya chini huanza, ilhali batobato hukunja majani machanga. Baada ya hapo maneno yatamwishia, kwa sababu umanjano wa jani la zamani linalokaribia kudondoka nao unafanana, na mwanga wa jioni unabadilisha rangi, na kila aina ya muhogo ina namna yake. Jicho linajua, lakini mdomo hauwezi kueleza. Hakuna mlinganyo wa jani lenye ugonjwa.

Mashine haihitaji maelezo hayo. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania nchini Marekani kwa kushirikiana na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, ilifundishwa kwa picha za majani ambazo wataalamu walikuwa wamezitambua moja baada ya nyingine, na inafanya kazi kwenye simu bila intaneti. Mkulima anaelekeza kamera kwenye jani na kupata jibu palepale.

Gharama kubwa ya njia hii haiko kwenye kompyuta, kwa kuwa zana zenyewe hupatikana bure. TensorFlow, kwa mfano, ilitolewa kwa umma mwaka 2015. Gharama iko kwa mtu anayekaa na maelfu ya picha na kuandika jibu sahihi kwa kila moja. Mtu huyo akikosea, mashine inajifunza kosa lake na kulirudia kwa utiifu. Anayepanga bajeti bila kumtaja mtu huyo hajapanga bajeti. Tena kuna mpaka ambao picha haiuvuki: mizizi ya muhogo wenye michirizi kahawia inaweza kuwa imeoza wakati majani yanaonekana mazima, na hakuna wingi wa picha za majani utakaofichua kisichokuwapo kwenye jani.

Kesho isiyofanana na jana

Kigezo kinachosahaulika zaidi ni kama kesho itafanana na siku ambazo mashine ilijifunza kwazo. Mfano ulio karibu nami unatoka katika duka moja la jumla la Kariakoo, lililonunua programu ya kutabiri mauzo na kuifundisha kwa kumbukumbu za mwaka 2022 na 2023. Kwa bidhaa za kila siku, kama unga, mafuta na sabuni, ilifanya kazi nzuri kuliko makadirio ya mkono. Kwa tende ilikosea vibaya. Ramadhani ya 2022 ilianza mwanzoni mwa Aprili, na ya 2023 ikaanza wiki ya nne ya Machi, kwa hiyo mashine ikajifunza kwamba tende zinatoka kwa wingi kuelekea mwisho wa Machi. Mwaka 2024 mfungo ukaanza wiki ya pili ya Machi. Wateja walikuja, stoo ikawa na maboksi machache, na mzigo mkubwa ukafika wakati maduka mengine yamekwisha kuuza.

Mtoto wa madrasa angeweza kuwaonya, kwa kuwa mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida. Kanuni hiyo haitokani na mauzo, inatokana na mwendo wa mwezi angani, na kumbukumbu za miaka miwili hazitoshi kuifundisha mashine. Dawa yake ilikuwa ndogo kuliko hasara yenyewe: katika jedwali la data iliongezwa safu moja, ya siku zilizobaki kabla ya Ramadhani, iliyokokotolewa kwa kalenda. Mashine ileile, ikipewa safu hiyo, haina tena sababu ya kuufunga mfungo kwenye mwezi wa Machi. Ninaieleza habari hii kila ninapopata nafasi, kwa sababu inaonyesha mahali ambapo hasara nyingi huanzia: wenye duka walijua, waliotengeneza programu hawakujua, na hakuna aliyewauliza wenye duka.

Kosa hili halina ukubwa wala udogo wa taasisi. Mwaka 2008 Google ilianzisha huduma ya kukadiria mafua makali nchini Marekani kwa kutazama maneno ambayo watu huyatafuta mtandaoni. Katika majira ya baridi ya 2012 na 2013 makadirio yake yalizidi mara mbili ya kiwango kilichoripotiwa na mamlaka ya udhibiti wa magonjwa ya huko, na mwaka 2015 huduma ikaacha kuchapisha makadirio. Tabia ya watu ya kutafuta ilikuwa imebadilika, na injini yenyewe ya kutafuta nayo ilikuwa imebadilishwa, ilhali mashine iliendelea kuamini ya zamani.

Kupima usahihi

Muuzaji wa programu akikuambia kwamba mashine yake ni sahihi kwa asilimia 99, usifurahi kabla hujakaa chini na kalamu. Tuchukue kifua kikuu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinazosoma picha za eksirei ya kifua zinaweza kutumika kuwachuja watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi, na pendekezo hilo lina uzito kwa nchi ambazo wasomaji wa eksirei ni wachache. Tuseme watu 1,000 wamepigwa picha, na 10 kati yao wana ugonjwa. Mashine isiyofanya lolote, inayomwambia kila mtu kwamba ni mzima, itakuwa sahihi kwa asilimia 99, na haitamwona mgonjwa hata mmoja.

Chukua sasa mashine ya kweli, inayowagundua wagonjwa 90 katika kila 100, na kuwatambua wazima 70 katika kila 100. Katika watu wetu 1,000 itawakamata wagonjwa 9 na kumwacha mmoja. Kati ya wazima 990 itawatia shaka 297. Jumla ya watu 306 watapelekwa kupima makohozi, na 9 tu ndio watakaokutwa na ugonjwa. Je, huo ni mzigo au ni msaada? Kama maabara inaweza kupokea vipimo 306 badala ya 1,000, ni msaada mkubwa sana. Kama inaweza kupokea 100, mpango umekwama kabla ya kuanza, na hakuna uboreshaji wa mashine utakaoufaa kuliko mashine ya pili ya maabara. Hata anayechagua ujifunzaji wa mashine, kwa hiyo, hawezi kuikwepa hisabati ya kawaida ya uwezekano, kwa kuwa ndiyo inayomwambia jibu la mashine litamfikisha wapi.

Anayeathirika akiuliza kwa nini

Hapa nitakuwa mfupi. Uamuzi ukimgusa mtu, kama kunyimwa mkopo wa simu, modeli ya hisabati inaweza kuonyesha hatua kwa hatua ilivyofika pale, ilhali mashine kubwa yenye mamilioni ya tarakimu za ndani haina maelezo ambayo mtu wa kawaida anaweza kuyafuata. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mwenye taarifa haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mitambo bila mkono wa binadamu, kwa hiyo jambo hili si la adabu peke yake. Kwa maamuzi ya namna hiyo ningechagua njia inayoelezeka, hata ikiwa usahihi wake ni pungufu kidogo.

Jangwani na Bonde la Msimbazi

Mafuriko ya maeneo haya ya jiji letu ni mahali ambapo sina jibu la upande mmoja. Kanuni ya maji ni imara: mvua ya milimita 50 ikinyesha kwenye kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 50,000, sawa na maboza 5,000 ya lita 10,000, na maji hayo lazima yazame, yasimame au yateremke. Kwa anayetaka kujua daraja liwe na upana gani, au depo ya mabasi ijengwe juu kiasi gani, modeli ya fizikia haina mpinzani. Kwa kutabiri mto utakavyokuwa siku chache zijazo, mashine zimepiga hatua ya kweli: mwaka 2024 watafiti wa Google walichapisha katika jarida la Nature mfumo uliojifunza kutoka maelfu ya vituo vya kupimia mito duniani na kutabiri hata katika mito isiyo na kipimo, jambo ambalo sikulitarajia. Hata hivyo, njia zote mbili zinakwama kwenye mtaro wa mtaani uliojaa taka, kwa sababu haumo kwenye data ya upande wowote. Kazi ya Ramani Huria, iliyoanza mwaka 2015 kwa wanafunzi na wakazi kutembea kata kwa kata wakiichora mitaro na nyumba, ina thamani kwa sababu inazilisha zote mbili.

Mbu mzee

Namalizia na malaria, kwa sababu hapo njia hizi mbili zimegawana kazi vizuri kuliko mahali pengine ninapopajua. Ronald Ross, aliyethibitisha mwaka 1897 huko India kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, alitumia pia hisabati kuonyesha kwamba si lazima kuwaua mbu wote, inatosha kuwapunguza chini ya kiwango fulani. Katika miaka ya 1950 George Macdonald akaonyesha kitu ambacho jicho haliwezi kukiona. Vimelea vinahitaji takriban siku 10 ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza. Ikiwa kila siku mbu 90 katika 100 wanaiona kesho, basi watakaofika siku ya 10 ni karibu 35. Wakiwa 80 katika 100, watakaofika ni 11 tu. Kupunguza kidogo maisha ya kila siku kunawaondoa zaidi ya theluthi mbili ya mbu wa hatari, na ndiyo maana chandarua chenye dawa kinamlinda hata jirani asiye na chandarua.

Kutokana na hesabu hiyo, anayetaka kujua kama dawa inafanya kazi anahitaji kujua umri wa mbu, kwa kuwa idadi yao peke yake haimwambii vya kutosha. Kwa miaka mingi umri ulikadiriwa kwa kumpasua mbu chini ya hadubini na kutazama ovari zake, kazi ya mikono inayokwenda polepole na inayosema tu kama amewahi kutaga. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Glasgow walichapisha njia nyingine: mbu anamulikwa kwa mwanga usioonekana wa infraredi, gamba lake la nje linafyonza mwanga kwa namna inayobadilika kadiri anavyozeeka, na mashine iliyofundishwa inausoma umri kutoka kwenye mchoro huo. Hakuna anayeweza kuandika kwa mkono kanuni ya mchoro wa gamba la mbu, na hakuna wingi wa michoro ambao ungemwambia mtu kwamba umri ndio wa kutafutwa.

Tatizo la tende liliwafuata hata hapo. Mbu waliolelewa kwenye vizimba vya maabara hula chakula kingine na kuishi maisha mengine kuliko mbu wa vijijini, na mashine iliyofundishwa kwa wale haikuwasoma vizuri hawa. Kazi iliyofuata ikalazimika kuchanganya mbu wa maabara na mbu wa mazingira ya asili, wa Tanzania na wa Burkina Faso.